Fundi Asiyetaka Toleo Jipya

Fundi wa studio ya ghorofani, Mtaa wa Kongo, huongea taratibu kama anayechelea kuamsha mtoto, na hashiki kipanya kabla ya kufuta vidole kwenye shati. Kila asubuhi programu ya kurekodia humtaka ahamie toleo jipya, lisilopokea plagini, yaani viprogramu vya sauti za ala, za muundo wa zamani. Kila asubuhi hubonyeza "Hapana", ndipo anywe kahawa yake.

Juzi Jeet, mwenye studio, alimjia juu. "Fundi, mji mzima umehama! Leo unahama, au unaniachia ufunguo." Fundi aliufungua wimbo wa taarabu wa Bi Zena, mwimbaji aliyekuwa ameketi kwenye kochi, waliokuwa wakiumalizia, kisha akazima plagini moja kongwe, inayotoa sauti ya fidla. Sauti ya Bi Zena ikabaki peke yake, kama bibi harusi aliyeachwa ukumbini.

"Fidla hii haina muundo mpya. Tukihama, inakufa," alisema. Akafuta vidole, akaweka ufunguo mezani, akamsogezea Jeet kipanya. "Haya, bonyeza mwenyewe."

"Thubutu, mwanangu!" Bi Zena alimfokea Jeet kutoka kwenye kochi.

Jeet akatia mikono mfukoni. Fundi akairudisha fidla. "Basi tupishe," akasema, kwa sauti ileile ya kutoamsha mtoto. "Tunarekodi."