Kipimo cha Kitu Kisichoonekana

Usiku ule, siku ya tatu baada ya kumzika Mwalimu Kiondo, nililala na wivu kama mtu anayelala na jino bovu. Msibani mwanawe alimwita Zuhura, niliyesoma naye darasa moja, aseme machache kwa niaba ya wanafunzi wa marehemu. Mimi niliyekuwa wa kwanza darasani niliachwa nipange viti. Wanasema wivu ni kidonda. Changu kilikuwa na miaka ishirini na bado kibichi.

Ndotoni nilijikuta katika maabara ya chuo chetu cha ualimu. Mezani palikuwa na sinia ya maji iliyonyunyiziwa poda, kama siku ile tulipopima ukubwa wa molekuli kwa tone la mafuta linalotandaa juu ya maji hadi kuwa utando mwembamba. Mimi na Zuhura tulibishana pale kila wiki. Mimi nilishikilia kwamba molekuli zipo kweli, kama mawe yalivyopo, hata kama jicho halizifikii. Yeye alisema tunachokijua ni utando wa mafuta tunaouona. Molekuli ni hadithi ya kutusaidia kukokotoa, na hadithi inaweza kufaa bila kuwa kweli. Akizungumza Zuhura, chai ya Mwalimu ilipoa mkononi. Nikizungumza mimi, aliimaliza ikiwa ya moto. Iliniuma sana.

Mara mlango unafunguka na Mwalimu anaingia, hana tena mkongojo. Ninamwamkia, haitikii. Ananikabidhi mafuta, nami ninadondosha tone. Linatandaa, linavuka ukingo wa sinia, na sasa tuko uani kwake, maji yametufika vifundoni. Ninaona hii ndiyo nafasi yangu. Huko aliko lazima ameshajua ukweli, na leo Zuhura hayupo.

"Mwalimu, zipo au hazipo?"

Ananijibu kwa swali.

"Wewe uliyesema zipo, mbona ulizitungia kipimo?"

Ninajua anachosema. Siku ile tone langu lilivurugika, nikachungulia kitabu na kuandika jibu lake. Zuhura aliandika alichokiona, jibu kubwa mara tatu ya lile la kitabu, darasa likamcheka, na mimi ndiye niliyeanza. Ninajitetea kwamba jibu langu lilikuwa sahihi. Mwalimu anatikisa kichwa.

"Mwenye shaka aliliuliza tone. Wewe ulikiuliza kitabu. Kamwambie."

Nilizinduka jua limeshaingia dirishani. Nakiri, kilichoniuma kwanza hakikuwa aibu. Kiliniuma kwamba Mwalimu amefunga safari yote ile kuja kwangu, kumbe ujumbe ni wa Zuhura. Nilinuna kitandani kitambo, kisha nikampigia simu, nikamweleza yote, kuanzia kitabu hadi kicheko.

Hakusema lolote kuhusu kipimo.

"Amekuja kwako, Bakari?" aliuliza. "Mimi namngoja tangu siku tuliyomzika."