Viatu vya Ghorofa ya Nne

Siku yangu ya kwanza kazini niligonga mlango, na Meneja wa Kambi nusura anirudishe Kitale. Nilikuwa mfanya usafi katika makazi ya mafundi wa gereji kule Ras Al Khor, Dubai, wanaume watupu. "Mama, hapa hatugongi ovyo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Angalia viatu. Vikitazama mlango, mwenyewe katoka zamu ya usiku, amelala. Vikitazama korido, yalla, gonga." Somo hilo nimelitumia maisha yangu yote. Mtu anayepanga nafasi ya kitanda, sita ndani ya chumba kimoja, hana cha kwake ila godoro, pazia lake na usingizi.

Baadaye nilipandishwa kuwa msimamizi wa jengo huko Naif. Ninyi mnaosomea mambo ya makazi nafuu mtapewa takwimu. Mimi nilikuwa na korido. Mwanzoni ilijaa makubadhi ya kiume. Kisha vikaanza kuonekana viatu vyeusi vya walinzi wa kike, na raba za wahudumu wa hoteli, dada zetu wa Kenya na Uganda waliokuja peke yao kutafuta. Tukawapa ghorofa ya nne, nao wakaijaza.

Halafu Meneja wa Majengo akaja na lake. Kampuni moja ilitaka ghorofa hiyo nzima kwa vijana wake.

"Mpangaji mmoja, mkataba mmoja, khalas," alisema. "Wasichana watapata pengine."

"Pengine wapi, sir?"

Majengo ya jirani hayakupokea wanawake wasio na familia, naye alijua. Nakato, mlinzi kutoka Masaka, aliposikia tu alianza kufunga sanduku, maana alishawahi kuhamishwa hivyo. Moyo uliniuma sana. Nikamsihi meneja amlete arbab, yaani mwenye jengo, aione ghorofa kabla ya kutia sahihi.

Walikuja mchana. Kulikuwa kimya, viatu vyote vikitazama milango. Mzee aliniuliza kwa nini vimepangwa hivyo, nikamweleza. Meneja akaanza kuhesabu vyumba kwa sauti.

"Shwaye, shwaye! Taratibu!" arbab akamkatiza. Akavua makubadhi yake, akayashika mkononi, akatembea pekupeku hadi mwisho wa korido na kurudi. Tulipofika kwenye ngazi ndipo aliposema, "Hawa ni mabinti wa watu, wamelala kwangu. Nani atawaamsha awaambie watoke? Wewe?"

Mzee hakungoja jibu.

"Khalas. Wanabaki."

Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na yule mzee, na sijachoka kuwashukuru.

Mwaka huu nimestaafu. Kustaafu Dubai maana yake visa imekwisha, unarudi kwenu. Asubuhi ya safari nilipitiwa na usingizi, nikatoka chumbani mbio. Koridoni walikuwa wamesimama wasichana wa ghorofa ya nne, wengine bado na sare za usiku, kimya kabisa. Mizigo niliyoitoa nje jana yake walikwisha kuiteremsha, na teksi ilikuwa inangoja.

"Nyie, mbona hamkuniamsha?" niliwafokea.

"Mama, tungegongaje?" akasema Nakato, akanionyesha chini.

Miaka yote ya usimamizi viatu vyangu vililala vikitazama korido, ili mwenye shida anigongee saa yoyote. Usiku ule walikuwa wamevigeuza.