Tanuru la Mama Ester

Udongo uliochomwa ukinyeshewa mvua kwa mara ya kwanza hutoa harufu yake, nzito na ya joto, kama chungu kikavu kilichomwagiwa maji. Juzi nilipita karibu na uwanja mmoja hapa Kindu ambako watu wanajenga, manyunyu yakaanza, harufu ile ikanipata. Ilibidi nisimame. Nataka kuwaeleza kwa nini, ingawa nimeanza sentensi hii mara nne na bado sijaridhika nayo.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Alunguli, ng'ambo ya mto. Mama yangu alikuwa katika kikundi cha wanawake saba waliosoma Biblia kila Alhamisi, wakiongozwa na mmoja wao, mjane mshonaji, Mama Ester. Ester lilikuwa jina la ubatizo. Serikali ya wakati ule ilikuwa imeyakataza majina ya ubatizo, na mbele ya watu wa chama tawala aliitwa kwa jina la babu yake, lakini sisi nyumbani tuliendelea kumwita Ester, kwa sauti ya chini kidogo. Shuleni somo la dini lilikuwa limeondolewa. Kwa hiyo mama alinipeleka na mimi kwa Mama Ester, nikae kwenye mkeka, nisikilize.

Chumba walichosomea kilibomoka ukuta mwisho wa masika. Wakaamua kujenga nyumba yao ya sala, ndogo tu, ya matofali ya kuchoma, kabla mvua za Septemba hazijarudi. Kiangazi chote walifyatua matofali, hata Jumamosi mchana wakitoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara, migongo ikiwa tayari inawauma. Fundi wao alikuwa Mzee Salumu, Mwislamu, jirani yetu, mwenye banda la matofali karibu na mto.

"Mzee, nyumba ikiisha utaingia kusali na siye?" wanawake walimtania.

"Nitaingia kuangalia kama ukuta iko wima," alijibu. "Mukiimba, nitatoka."

Kwetu matofali yenyewe ndiyo hupangwa yakawa tanuru. Chini huachwa vichochoro vya kuni, pande zote hupakwa tope. Moto ukishakolea, midomo ya vichochoro huzibwa, kisha hakuna anayegusa mpaka pote papoe.

"Njo siku ngapi mpaka ipoe?" nilimwuliza Mzee Salumu.

"Juma moja, labda zaidi. Moto haina kalandriye, haihesabu siku, mwanangu. Muache."

Alhamisi ya juma walilowasha tanuru walisoma kwa nabii Isaya, pale Mungu anapowaambia watu wake kwamba anafanya jambo jipya, linachipuka sasa hivi, kisha anawauliza kama hawalioni. Wanawake waliitikia kwa furaha. Mimi niliingiwa na hofu. Nilikuwa mtoto wa kufuta daftari mpaka karatasi itoboke, na swali lolote nililisikia kama mtihani. Mungu ameuliza kama tunaona, nami sioni kitu! Je, kama moto umezimika mle ndani? Je, kama ni mimi peke yangu nisiyeona?

Siku ya tatu tangu midomo ya tanuru izibwe, Mzee Salumu alipokwenda kusali alasiri, nilichukua kijiti nikatoboa tope. Tope lilikuwa gumu, nikachimba mpaka shimo likatosha ngumi yangu. Ndani kulikuwa kwekundu, kuzuri, kunapumua. Niliona, na moyo ulitulia. Kisha nikajaribu kuziba. Niliukanda udongo, nikaulainisha, nikaungua vidole viwili. Nilipoondoka palionekana sawa kabisa.

Kumbe kiraka kilikauka kikadondoka, na upepo wa mtoni uliingia upande ule usiopitwa na mtu, usiku baada ya usiku. Tanuru lilipofunguliwa, upande ule wote ulikuwa umepasuka. Matofali yalikatika mikononi mwa wanawake. Yaliyobaki hayakufika hata nusu ya nyumba, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Mzee Salumu aliliangalia shimo, akaviangalia vidole vyangu. "Kuna mutu alitaka kuona," alisema.

Kwa siku sita nilivificha vidole vyangu. Sikula vizuri. Alhamisi, kabla hawajafungua vitabu, nilisimama nikasema yote, nikilia hata kamasi zikanitoka. Mama alifunika uso kwa kitenge. Mama Ester alinivuta nikae karibu naye.

"Weye ulizania Mungu anakungoja weye ndipo afanye kazi?" aliuliza. "Basi pumzika. Kiangazi kingine tutafyatua tena."

Wengine walicheka, mmoja akasonya. Alikuwa na haki ya kusonya. Mgongo ulikuwa wake.

Mvua zilikuja, na matofali yaliyopasuka yakatoa harufu ile niliyoisema. Mzee Salumu alituazima banda lake, maana wakati wa mvua hakuna matofali ya kukausha. Tulisoma humo huku paa likivuja. Macho ya Mama Ester yalikuwa yameanza kufifia, akanipa mimi kazi ya kusoma kwa sauti. Kusoma kwenyewe nilikujua nusunusu. Nikikosea neno nilirudi mwanzo wa mstari, na wanawake walisubiri. Nilijifunza humo, mstari kwa mstari. Darasani sikuwahi kusoma hivyo.

Mwezi wa pili wa mvua Mama Ester alishikwa na homa. Alhamisi ya mwisho alinipangia sura ya juma litakalofuata, akaniambia niiandae. Alizikwa Jumanne. Nyumba yake ya sala hakuiona hata msingi. Laiti nisingetoboa lile tope, angeingia.

Alhamisi nilikwenda bandani nikiwa na hakika sitamkuta mtu. Wanawake sita walikuwa wamekaa, mama yangu, niliyedhani yuko shambani, akiwa mmoja wao, na yule aliyenisonya alikuwa amenitengea nafasi. Hakuna aliyeongoza. Nilisoma sura niliyopangiwa. Nilikosea maneno mawili, na sikurudi nyuma.

Wakati ule nilidhani tunamaliza tu kazi ya marehemu. Sasa ninaelewa kwamba nilikuwa nimekodolea macho matofali, nikihesabu siku za Mungu kama mwalimu mkali, wakati Yeye alikuwa akijenga watu. Wala hakuwa amechelewa. Kosa langu lilikuwa kosa, lilimgharimu mwanamke mwema, na sitalipunguza. Lakini halikuwa na nguvu ya kumzuia Mungu. Ilinichukua miaka kulikubali hilo, na siku nyingine, niwaambie ukweli, bado naamka nikiwa nimelisahau.