Ya Kwako au ya Bosi?

Kuna swali linaloulizwa Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, ambalo nikilisikia mpaka leo natoka nje ya duka. Unafika kaunta, unasalimia, unataja unachotaka. Muuzaji anakutazama kidogo, halafu anauliza kwa adabu zake zote: "Ya kwako au ya bosi?" Uwe unataka taa, soketi au waya, swali ni hilohilo. Wala hanong'oni. Anauliza kama anayetaka kujua chai yako aweke maziwa au asiweke.

Asiyejua atadhani ni maongezi tu. Sisi mafundi tunalielewa. Ukisema ya kwako, muuzaji anaingia stoo ya nyuma anakutolea kitu cha maana, kwa sababu wewe na wanao ndio mtakaolala nacho ndani ya nyumba. Ukisema ya bosi, mkono unakwenda rafu ya mbele, unapewa kanyaboya, kitu feki kilichobandikwa lebo nzuri, na risiti inaandikwa kana kwamba umechukua ile ya stoo. Bosi hajui. Fundi anajua na muuzaji anajua, na wawili hao wanaagana kwa kucheka. Nimefanya kazi ya umeme pale mtaa wa Gerezani zaidi ya miaka ishirini, na swali hilo nimelijibu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Yaliyonikuta yalianza na mjomba wangu, kaka yake marehemu mama. Mjomba ni mlinzi na msafishaji wa boti moja kubwa ya fiba, mali ya tajiri anayekaa Upanga. Boti ile wikiendi inatoka na wageni, siku nyingine zote imefungwa gatini. Ikiwa imefungwa, inakula umeme wa nchi kavu: waya mrefu unatoka kwenye boksi la gati, unavuka maji, unaingia kwenye boti kuendesha mafriji na kuchaji mabetri. Na kila wiki mjomba anazama chini ya boti hiyo na kikwanguo mkononi, anakwangua magamba ya baharini yanayoota kwenye tumbo lake. Umri wake umeshavuka sitini, lakini majini humwambii kitu.

Asubuhi moja akanijia kibandani kwangu, kanzu mkononi, amevaa fulana na kikoi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, fundi. Maji yananing'ata."

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni yavuyavu imempitia, maana wadudu wale wa baharini wanawasha kweli. Akanitazama kwa hasira.

"Nimeumwa na yavuyavu kabla baba yako hajamjua mama yako. Hii siyo. Nikisogea karibu na ile panga ya injini, ya kusukumia boti, mkono wote unakufa ganzi. Juzi miguu ilinigomea kabisa. Nimekunywa maji, fundi. Mimi, nikanywa maji!"

Hapo kicheko kiliniishia. Akanieleza kuwa gatini kila mtu ana tafsiri yake. Mmoja kasema ni mashetani ya baharini, mwingine kasema uzee. Bosi mwenyewe kamwambia akapime presha, na kama kuzama kumemshinda aseme mapema, atatafutwa mwingine. Kazi ile ndiyo inayomlisha mjomba na mkewe, hawana nyingine. Nikabeba begi langu la vifaa tukaenda.

Kitu cha kwanza nilizima umeme kwenye boksi la gati. Halafu nikauvuta ule waya kutoka majini, maana sehemu yake ilikuwa imelegea ikawa inaogelea. Khaa! Yaani sijui niseme nini. Ulikuwa umejaa utelezi wa kijani, unanuka, na lile ganda lake la juu lilikuwa limepasukapasuka na jua kiasi kwamba kila nikiukunja unachuruzika maji ya chumvi kutoka ndani. Umbali wa hatua tatu kutoka kwenye boti kulikuwa na mpasuko unaoingia kidole. Plagi yake ilikuwa imeyeyuka ikabaki na harufu ya nywele zilizoungua. Nilitema mate pembeni kwa kinyaa.

Nikaukata nione ndani. Nyuzi zilikuwa nyekundu, rangi ya shaba safi. Nikazikwaruza kwa kisu, wekundu ukabanduka kama rangi ya kucha. Ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa rangi, jamani, imewekwa juu ya bahari! Nikatafuta ule waya wa ethi, wa kijani na njano, ambao kazi yake ni kuubeba umeme uliovuja na kuupeleka ardhini usimguse mtu. Ulikuwepo, ganda lake zuri kabisa. Ndani yake mlikuwa na vinyuzi vitatu vyembamba, vimeoza, nilipovigusa vikawa unga. Kwa hiyo umeme uliokuwa ukivuja kwenye boti haukuwa na njia ya kwenda ardhini. Ulikuwa unapita kwenye chuma cha injini, unaingia majini, pale pale anapozama mjomba wangu.

"Fundi gani mshenzi kafanya hivi?" nikauliza kwa sauti.

"Alishaondoka huyo. Alifunga kabla mimi sijaanza kazi hapa," mjomba akasema. "Lakini mtukane tu. Mtukane na kwa niaba yangu."

Basi nikamtukana. Nilimwita muuaji, nikamwita mlafi, nikamwita mtu asiye na haya wala mama wa kumfundisha. Mjomba alikuwa amekaa ukingoni mwa gati anaitikia kila tusi, amefurahi kabisa. Nikamwambia asitie hata kidole majini mpaka nirudi, nikaenda Kariakoo na hasira zangu.

Waya wa boti hauchaguliwi kwa macho. Ganda lake liwe mpira, siyo plastiki, ili jua na chumvi visilipasue, na ujikunje kirahisi bila kubaki na alama. Ndani muwe na waya tatu, kila moja na nyuzi nyingi laini, na zote tatu ziwe na unene mmoja, ethi isionewe. Na kuna jambo linalowachanganya wengi: shaba ya baharini hupakwa bati ili chumvi isiile, kwa hiyo waya wa kweli ni mweupe juu na mwekundu ndani. Ule wa kishenzi ni mwekundu juu na mweupe ndani. Mteja wa kawaida akionyeshwa zote mbili anachagua mwekundu, na anaondoka kifua mbele.

Duka la kwanza kijana wa kaunta alinipa waya wenye maandishi ya "baharini" kwenye ganda. Nikayasugua kwa kidole chenye mate, yakafutika. "Orijino hiyo, kaka," akasema huku anaona kabisa kidole changu kimekuwa cheusi. Duka la pili nilitaka kuukwaruza, mwenye duka akaudaka, akasema ukikwaruza umenunua. Nikamwambia akae nao, amfungie mama mkwe wake. La tatu hawakuwa na wa mpira kabisa, ila walikuwa tayari kuniapia kwa Mungu kuwa plastiki ndiyo mpira wa siku hizi. Watu wanasukumana, mikokoteni inapita juu ya vidole vyako, kila mlango unaitwa bosi, bosi, karibu bosi. Nilijiona nanuka ule utelezi wa kijani mwili mzima.

Mwisho nikaingia kwa mama mmoja ninayenunua kwake miaka mingi. Ni mama mtaratibu, ana miwani yenye mnyororo, na kila mara anakuulizia hali ya watoto kabla ya biashara. Nikamtajia: waya wa boti, wa mpira, wa unene wa mbili na nusu, wenye waya tatu ndani, mita thelathini.

Akashusha miwani. "Ya kwako au ya bosi?"

Aisee, nililipuka. Nikamwambia hilo swali lake ni la kichawi. Nikamwambia kuna mzee wa watu kanusurika kufa kwa sababu ya swali hilo, na wanaouza uchafu ule wangefungwa wenyewe kwa waya wao wakatupwa majini. Wateja wawili wakageuka kunitazama. Yule mama hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisubiri nikamaliza.

"Mbona unanifokea, fundi wangu?" akasema taratibu. "Wa boti si ulishawahi kuchukua hapahapa? Rangi ya chungwa, mita thelathini. Ulisema uwe wa chungwa uonekane juu ya maji. Waya wa boti siuzi kila siku, nakumbuka. Nilikuuliza, ukanijibu ya bosi."

Nilitaka kumwambia anachanganya watu. Mdomo ukafunguka, halafu yakanijia yote. Mwenzangu mmoja wa Gerezani alikuwa na kazi ya boti, akasikia naenda Kariakoo, akanituma nimchukulie waya. Nilikuwa na haraka, nina mizigo yangu mingine. Nikaulizwa, nikajibu, nikapokea, nikampelekea, naye akanishukuru kwa soda. Ule waya niliouvuta majini ulikuwa umepauka mpaka haukuwa na rangi yoyote, lakini kwenye mikunjo, karibu na plagi, nilikuwa nimeona chungwa. Niliiona kwa macho yangu asubuhi ile na sikuwaza lolote.

Matusi yote niliyoyamwaga gatini yakanirudia moja moja. Muuaji. Mlafi. Mtu asiye na haya. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa watu wa Kariakoo kilihamia kwangu, na hakuna mahali pa kukitemea.

"Ya kwangu," nikamwambia yule mama.

Akaenda nyuma. Akaleta waya mweusi wa mpira, mzito mpaka unaning'iniza mkono. Akanipa kisu mwenyewe. Nikakwaruza: mweupe juu, mwekundu ndani. Ethi nene kama wenzake. Nikachukua pia plagi za kuzuia maji na breka inayokata umeme mara tu ukianza kuvuja. Akaniambia nisalimie watoto. Nikambwagia hela kaunta nikatoka, na najua haikuwa haki, maana yeye aliuliza tu na jibu lilikuwa langu.

Gatini nikaanza kazi. Niliufunga waya juu usiguse maji, nikaacha ulegevu wa kutosha boti ipande na kushuka na maji bila kuuvuta. Nikapima ethi kutoka kwenye boksi mpaka kwenye chuma cha injini, nikapima tena. Nikajaribu breka, ikakata kama inavyotakiwa. Nikaiwasha. Mafriji yakaanza kuunguruma. Mjomba alikuwa ameshachukua kikwanguo chake.

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia bosi, huyu mpwa wangu siyo kama hao wengine."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na mpaka leo kuna siku najilaumu kwa nini sikunyamaza. Lakini sifa ile haikuwa yangu.

"Mjomba, ule waya wa zamani niliununua mimi."

Hakuelewa. Nikamweleza lile swali na jibu lake, nikamweleza mwenzangu aliyenituma, haraka niliyokuwa nayo, soda. Alinisikiliza kikwanguo kikiwa kimening'inia mkononi.

"Ulijua waya ule unakuja kwenye boti hii?"

"Sikujua. Wallahi, mjomba. Hata wewe ulikuwa hujaanza kazi hapa. Ningejua ni wewe utakayezama..."

"Ungejua ni mimi ungechukua mzuri."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. Nilidhani atanitukana, na nilitamani anitukane. Asubuhi alikuwa ameitikia matusi yangu yote kwa furaha, sasa hakutoa hata moja.

"Kwa hiyo angekuwa mzee mwingine, basi," akasema. "Wa watu."

Mjomba akautazama waya mpya, ukitoka kwenye boksi, ukipita juu ya maji, ukiingia kwenye boti. Akaniuliza kama umeme umewashwa. Nikamwambia umewashwa. Akaniuliza kama nina uhakika na kazi yangu. Nikamwambia ninao, nimepima mara mbili.

Akaninyooshea kikwanguo.

"Basi tangulia wewe," akasema. "Mpaka kwenye panga ya injini. Ushike kabisa."

Nikavua viatu, nikaingia.