Boksi la Mama Zuhura

Enzi zetu wimbo haukuja kwa kugusa kioo. Ulifuatwa. Ulikwenda na kanda tupu kwenye kibanda cha kurekodi pale Tandika, ukamtajia kijana nyimbo zako, ukarudi kesho kutwa, na akiwa na haraka alikukatia wa mwisho katikati kwa kuwa upande umeisha. Wenzangu mnakumbuka. Tuliirudisha kanda nyuma kwa kuizungusha na peni ili betri isiishe. Tukavunja vile vipande viwili vya plastiki vya juu ili mtu asirekodi juu ya nyimbo zetu, na mtu mwenye hila akaziba matundu kwa karatasi, akarekodi vilevile. Kanda moja iliazimwa kutoka Temeke mpaka Kinondoni, ikarudi inanukia udi wa nyumba nyingine.

Kwetu mama alizihifadhi kwenye maboksi ya viatu juu ya kabati. Hakuzipanga kwa jina la mwimbaji, alizipanga kwa msikilizaji. Boksi la viatu vya kisigino lilikuwa la wageni: taarabu laini, sauti za asali. Boksi la raba lilikuwa la Jumamosi, siku ya kufua, dansi tupu. Kaswida na mawaidha vilikaa kwenye boksi lililofunikwa kitambaa cheupe, vikingoja Ramadhani au msiba. Na boksi la makubazi, chini kabisa, lilikuwa la Mama Zuhura.

Mama Zuhura alikuwa jirani yetu, tulitenganishwa na ua wa mabati. Yeye na mama hawakuwahi kugombana kwa mdomo hata siku moja. Waliamkiana kila asubuhi, wakaazimana chumvi na kinu. Ila mmoja akisikia mwenzake kamsema bombani, aliweka kanda ya mipasho na kuelekeza spika uani. Mwenzake alijibu kwa kanda yake. Sie watoto tulikaa barazani tukibishana nani kamweza nani.

Ndipo akaja kuishi kwetu baba mdogo Hamisi, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, mtu asiyeweza kuona jalada limelala upande akapita. Jumapili moja mama alipokwenda kumtazama mgonjwa, baba mdogo alishusha maboksi yote, akabandika kila kanda karatasi kwa mwandiko wa kupendeza, akazipanga kwa herufi kuanzia A. Mama aliporudi alishukuru, maana huyo ni shemeji yake, kisha akauliza za wageni ziko herufi gani.

"Wewe nitajie jina la wimbo tu, shemeji," alisema baba mdogo.

Mama hakujua jina la wimbo hata mmoja.

Wiki hiyohiyo tulitembelewa. Wazee wa upande wa pili walikuwa wameshaleta posa ya dada yangu Rehema, na siku ile wanawake wao walikuja kutuangalia nyumba na tabia. Aliyeogopwa ni shangazi wa bwana harusi, mama mmoja wa Magomeni, ambaye neno lake kwao ndilo lililokuwa la mwisho. Rehema alikuwa nyuma ya pazia na kanga yake mpya, akitega sikio, kwani mwenyewe alimtaka yule kijana.

Sambusa zikapita, chai ya iliki ikamiminwa. Mama akamnong'oneza baba mdogo awawekee wageni kitu cha kuwapokelea. Baba mdogo akaona bora aanzie mwanzo, akachukua kanda ya kwanza kwenye boksi la A.

Mwanamke mwenye sauti ya siki akaanza kumwambia mwenzake kwamba macho yake hayana pazia na miguu yake haijui kwao.

Shangazi akarudisha sambusa kwenye sahani. Temeke nzima ilijua wimbo kama ule hauwekwi bure, una mtu wake. Baba mdogo alisimama kidole kikiwa juu ya kitufe, akiogopa kwamba akizima itaonekana tumekiri.

"Mama Rehema, huyu anaambiwa nani?"

"Si nyie, dada yangu. Huo ni wa jirani. Leo umetoka tu."

"Wa jirani," shangazi alirudia, akivuta mkoba wake karibu.

Pazia lilitikisika. Nilijua Rehema analia.

Hapo ndipo ng'ambo ya mabati redio ilipofyatuka. Mama Zuhura alikuwa ameusikia wimbo wetu, akaupokea kama haki yake, naye akajibu kwa sauti ya juu kabisa. Mabati yalitetemeka. Shangazi aliinamisha kichwa akasikiliza ubeti mzima, kama hakimu anayesikiliza shahidi.

"Kumbe yupo kweli," alisema. "Na anajibu upesi. Wangu mie hunichelewesha mpaka jioni."

Akarudia sambusa yake. Alipoondoka aliiazima ile kanda akairekodi, na Rehema akaolewa.

Jioni ya siku ile ya wageni baba mdogo mwenyewe alimsaidia mama kurudisha kanda kwenye maboksi ya zamani. Mama akampelekea Mama Zuhura sahani ya sambusa bila kueleza sababu. Sahani ilirudi na visheti, na mwenye visheti akiamini ameshinda.

Juzi nilikwenda kwa Rehema, Mbezi Beach. Kitinda mimba wake anapakua nyimbo kwenye kompyuta na kuzigawa kwa watu asiowaona. Nao wanachota kwake, naye anachota kwao. Kila kitu kiko kwenye folda: mwimbaji, mwaka, albamu. Baba mdogo angetokwa machozi ya furaha. Mtoto huyo ana rafiki wa kubadilishana nyimbo huko Brazili. Nikamuuliza folda ya jirani iko wapi.

"Jirani gani, mama mdogo?" akasema, spika za masikio zikiwa shingoni.

Nikatazama dirishani. Ukuta wao ni mrefu, na ng'ambo kulikuwa kimya kabisa.