Chaji Iliyochomoka Ukutani

Mwalimu wa fizikia pale chuoni alizungumza na chaji za umeme kama mama na watoto wake wa tumbo moja. Kila alipofungua ile programu inayochora uga wa umeme ukutani, alipuliza vidole kwanza, kana kwamba bado vina vumbi la chaki, ndipo akashika kipanya. "Chanya, mwanangu, kaa hapa. Na wewe hasi, sogea, usione haya." Mishale ya uga pale ukutani ikageuka yote kwa pamoja, naye akatabasamu kama aliyefikiwa na wageni. Siku moja mkuu wa idara akaja darasani, akaketi pembeni karibu na ukuta, mikono kifuani. "Huu ni mchezo wa watoto," alikwisha kumwambia. "Nitautazama mara moja, kisha tunaufuta." Mwalimu hakumbembeleza. Akaweka chanya mbili, ambazo asilani hazipikiki chungu kimoja, akazibana karibu karibu. "Poleni, wanangu." Akaiachia moja. Ikachomoka mbio, ikavuka ukingo wa picha upande alioketi mkuu, na mwalimu akaruka, viganja wazi, kuidaka. Darasa zima likaangua kicheko. Mkuu peke yake hakucheka: alikuwa ameinua miguu yote miwili, anachungulia chini ya kiti chake.