Mke Aliyebaki Nje ya Ubatizo

Baba yangu aliugua buba nilipokuwa bado sijang'oka meno ya utoto. Vidonda vilimtoka nyayoni hata akawa anatembea kwa visigino, na waganga wawili wa kijiji chetu, Kimuli, walikuwa wameshindwa. Ndugu zake walimbeba kwenye machela mwendo wa siku nzima hadi misheni, ambako padri mmoja wa Kizungu alikuwa na dawa ya sindano. Baada ya majuma machache alirudi kwa miguu yake mwenyewe. Majirani walitoka migombani kumtazama anavyokanyaga ardhi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia Baba kwamba dini ya padri ni ya uongo.

Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza, niliyemwita Mama Mkubwa, hakujaliwa kuzaa. Wa pili alikuwa mama yangu, na alikuwa na sisi wawili: mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Nyumba zao zilitazamana kwenye kibanja kimoja, shamba la migomba la Baba, na jiwe la kusagia ulezi walilitumia kwa zamu. Sisemi kwamba walipendana. Walizoeana, na mmoja akipika ndizi na maharage, mwenzake alipelekewa.

Baba alihudhuria mafundisho ya katekista kwa zaidi ya mwaka. Alipokaribia kubatizwa aliambiwa kwamba Mkristo ana mke mmoja, na mke huyo ni yule aliyeolewa kwanza. Alirudi na neno hilo akakaa nalo siku nyingi bila kulisema. Nakumbuka alivyokuwa akiingia shambani na panga kukata majani makavu ya migomba ambayo alikwisha kuyakata. Mwishowe alimwita Mama uani, mchana, mimi nikimenya ndizi kando yao.

"Unaniacha kwa kosa gani?" Mama aliuliza.

"Huna kosa."

"Basi waambie huko misheni kwamba sina kosa."

"Nimewaambia," Baba alisema. "Hawakuuliza hilo."

Mama alikwenda kwa kaka yake, aliyeishi kijiji cha Mabira, na mdogo wangu mgongoni. Mimi niliachwa ili Mama Mkubwa naye awe na mtoto. Hakuna aliyeona ukatili katika jambo hilo. Walisema nyumba imenyooshwa. Baba alibatizwa Pasaka ile. Siku ya kurudi, na medali shingoni, aliingia kwenye nyumba ya Mama iliyokuwa tupu, akakaa humo mpaka jua likashuka. Baadaye tulianza kuhifadhi kahawa ndani yake.

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani. Alisilimu alipokuwa akizunguka na wafanyabiashara waliotoka Bukoba, na alikuwa na wake wawili ambao hakuna aliyemtaka amfukuze mmoja. Alimpa Mama chumba na kipande cha shamba. Wanawake wa pale walimkalisha kwenye mkeka wao, wakala naye sinia moja, na kabla mwaka haujaisha Mama naye alikuwa amesilimu na kupewa jina jipya. Nilipomtembelea nilimkuta amejitanda kanga, ananawa kwa ajili ya sala. Alinikumbatia mikono ikiwa bado imelowa.

Mimi nilipelekwa shule ya masista. Nitasema kweli: niliipenda. Nilipenda harufu ya chaki, nilipenda kushona, na siku niliyosoma ukurasa mzima bila kukwama nilisahau kwa muda kwamba sina mama. Pale tulifundishwa kwamba Uislamu uliingia kwetu Karagwe na misafara ya pembe na ya watu waliofungwa shingo. Haukuwa uongo. Bibi yangu mzaa baba aliiona misafara ile, na mwenzake aliyecheza naye utotoni alibadilishwa kwa kitambaa, asionekane tena. Nilipomweleza Mjomba, hakubisha. Alisema tu kwamba padri naye alikuja nyuma ya askari, na nyuma ya padri ikaja kodi ya kichwa, na kwamba yeye katika nyumba yake hajamtoa mwanamke nje. Hilo nalo halikuwa uongo. Lakini mkewe wa kwanza, aliyekuwa akipepeta maharage hapo karibu, aliinua macho akamtazama, kisha akaendelea kupepeta. Siku Mjomba alipoleta mke wa pili, yeye hakuulizwa.

Mdogo wangu alipofika umri wa kusoma, nilimwomba sista mkuu ampokee. Alikubali kwa furaha, mradi mtoto ajifunze dini na abatizwe. Nilitembea hadi Mabira kupeleka habari hiyo nikidhani nimeleta zawadi.

"Dini hiyo imeshanichukulia mume na mtoto mmoja," Mama alisema. "Huyu siwapi."

Shule nyingine upande ule haikuwapo. Mdogo wangu aliingia chuo cha mwalimu wa msikitini, akahifadhi sura nyingi kwa moyo. Kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko changu, nalijua hilo. Lakini chuo kile hakikuwa na mlango wa kutokea. Serikali ilipotaka makarani na walimu iliwatafuta misheni, na watoto wa Mabira, hata waliokuwa na akili kama yeye, walirudi kwenye jembe. Aliolewa kijiji cha Nyakatuntu akiwa bado msichana, na mfanyabiashara wa ngozi. Mimi nikawa mwalimu. Nilipomwandikia barua alilazimika kumtafuta mtu wa kumsomea, na kwa hiyo sikuwahi kumwandikia neno lolote la siri.

Miaka ilipita hivyo. Kisha Mama akaanza kukohoa. Nilimtumia ujumbe kwamba aletwe hospitali ya misheni, na Mjomba alikuwa tayari kuwatafuta wabebaji. Mama alikataa. Alisema amesikia kwamba juu ya kila kitanda kule pana msalaba, naye hataki kufa akitazamana na kitu kilichomtoa nyumbani kwake. Nilimpelekea dawa mara mbili. Sijui kama alizinywa.

Habari ya kifo ilinifikia darasani, asubuhi. Niliomba ruhusa nikaondoka hapohapo, nikatembea bila kupumzika, na nilipofika Mabira watu walikuwa wakitoka makaburini wakipangusa udongo mikononi. Alikufa alfajiri, na kwa desturi yao maiti hailazwi ikimsubiri mtu. Mjomba alinisikitikia sana. Nilimuuliza nani alimwosha. Alisema wanawake wa msikitini, na mdogo wangu, aliyekuwa akimuuguza tangu wiki iliyotangulia. Nilisema ningependa kumwosha na mimi. Akanijibu kwa upole kwamba hata kama ningewahi, isingewezekana, kwa kuwa mimi si mwenzao.

Mdogo wangu alinipeleka kwenye kaburi jioni. Lilikuwa tuta la udongo mwekundu, halina msalaba wala jina. Tulilia kwanza. Kisha akanishika mkono.

"Dada, sema shahada. Maneno machache tu. Ukifa uende alipo."

Hakuwa na hila. Alikuwa na hofu kwa ajili yangu, kama ambavyo mimi, njiani kote, nilikuwa na hofu kwa ajili ya Mama. Nilimwambia siwezi kusema nisichokiamini. Aliuachia mkono wangu. Ulikuwa ni upendo, na tangu siku hiyo tumekuwa tukiongea kama wageni.

Niliporudi Kimuli, Baba alikuwa ameketi mlangoni, mzee sasa. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Aliuliza jambo moja tu.

"Alipata maji kabla hajafa?"

Alimaanisha ubatizo. Nilisema hapana.

"Basi sitamwona tena," alisema.

Mama Mkubwa alimletea uji, akaukataa. Jumapili iliyofuata alikwenda misa kama kawaida, na aliendelea kwenda hadi alipokufa. Miguu ile iliyoponywa ilimfikisha kanisani kila juma, na sikumsikia akilitaja jina la Mama, la zamani wala lile jipya.

Wakati mwingine walimu wenzangu hujadiliana mbele yangu ni dini ipi imeifanyia nchi hii mema zaidi. Mmoja hutaja hospitali na shule, mwingine hutaja udugu usiouliza umetoka wapi. Mimi huendelea kusahihisha madaftari. Nimekula matunda ya pande zote mbili na bado sijui nimjibu nini yeyote kati yao.

Katekista niliyemuuliza kama naweza kumtolea Mama misa alitikisa kichwa, akasema nimwachie Mungu. Mdogo wangu naye anasema dua yangu haimfikii. Hata hivyo namwombea, kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, bila kumtaja mtume wala mtakatifu, na sihisi kama kuna anayesikiliza.